Herufi Mbili Kwenye Kona ya Mchoro

Victorine Mujinga hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hasira yake ilikuwa ya mikononi: akikasirika, alichonga penseli. Jumatatu ile, ofisini Midrand, nje kidogo ya Johannesburg, alichonga penseli tatu za njano mpaka zikabaki vipande vya kushikwa na vidole viwili, na wenzake walipoona vumbi la njano limetapakaa mezani walijua kuna mtu atakayejuta.

Na alikuwa na haki, nalisema hilo mapema ili tusipotezeane muda. Wapo watu wanaokasirika kwa sababu chai imepoa. Huyu alikasirika kwa sababu kuna mwanamume amelala kitandani mtaa wa Joubert Park na nyonga iliyovunjika, na karatasi iliyomvunja ilikuwa na jina lake yeye Victorine, naye karatasi hiyo hakuwahi hata kuiona.

Kazi yake ilikuwa kuchora vyuma. Ngazi za kupanda kwenye maghala, majukwaa ya kusimamia mafundi, vishikio vya kuzuia mtu asianguke. Michoro ilitengenezwa kwenye kompyuta, milimita kwa milimita, kisha ikapelekwa kiwandani kukatwa. Huko hakuna anayeuliza maswali. Ukichora shimo mahali pasipostahili, shimo litatobolewa hapo hapo, na fundi atafunga bolti akijua kuna mtu mwenye akili aliyelifikiria jambo hilo kabla yake.

Ufundi aliupata Lubumbashi, kwenye ofisi ya michoro ya mgodi mmoja, chini ya mzee Firmin, mtu wa sigara na matusi. Firmin alikuwa na sheria moja. Kabla hujaweka herufi za jina lako kwenye kisanduku cha mkaguzi, kule kwenye kona ya mchoro, uuchape mchoro kwenye karatasi na kuupitia kwa penseli. Kipimo kilicho sawa, ukipake njano. Kilichokosewa, ukizungushie nyekundu. Kipimo kilichobaki cheupe ni kipimo ambacho hujakiona, na ukitia sahihi juu ya cheupe wewe ni mwongo. Siku moja aliichana kazi ya Victorine ya wiki nzima mbele ya watu kwa sababu ya namba moja iliyobaki nyeupe. Victorine alilia chooni, akarudi, akaanza upya. Tangu siku hiyo hakuwahi kuacha nyeupe.

Johannesburg hakufika na penseli. Miaka mitatu ya kwanza alisuka nywele za watu kwenye kibanda Joubert Park, vidole vikivimba, huku cheti chake kikiwa kimekunjwa ndani ya Biblia. Aliyemtoa huko ni Évariste, mtu wa kwao Lubumbashi, aliyesali naye kanisa moja. Évariste alikuwa mkuu wa wachoraji katika kampuni hiyo ya Midrand, akamwombea nafasi. Ukweli lazima usemwe: alimfungulia mlango. Na ukweli mwingine lazima usemwe pia: hakukuwa na mwezi uliopita bila kumkumbusha nani alishika kitasa.

Victorine akawa mkaguzi. Wengine wanachora, yeye anapaka njano. Akimaliza, ilibaki kazi ya kuchosha akili: kufungua michoro sitini, mmoja baada ya mwingine, kujaza kona ya kila mmoja, kuvipa vyuma namba, kuhesabu bolti, kuandika orodha, kuchapa. Siku mbili za kubofya vitu vile vile. Akiwa na sahani ya chakula cha mchana magotini, alianza kujifundisha kuandika skripti, yaani maagizo unayoiandikia programu ya kuchorea ili ifanye yenyewe zile kazi ambazo wewe ungezirudia mara mia. Maagizo hayo yanaishi ndani ya mabano, na mabano ndani ya mabano mengine. Ukisahau kufunga moja tu, kitu chote kinagoma. Ilimchukua miezi minne. Mistari mia mbili na kumi. Aliipa jina KAZI, na maswali yote inayouliza kwenye skrini aliyaandika kwa Kiswahili, kwa sababu aliiandika kwa ajili yake mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo kosa, na Victorine hakulikwepa baadaye. Kwa kuwa programu ilikuwa yake, na kwa kuwa hakuiendesha ila baada ya kupaka njano, hakuona sababu ya kuifanya imuulize nani amekagua. Mstari wa thelathini na tatu ulisema hivi tu: (setq mkaguzi "V.M."). Maana yake, popote penye kisanduku cha mkaguzi, andika V.M. Aliuandika kwa raha. Kila mtu hupenda kuona jina lake.

Siku mbili zikawa dakika sita. Aliita watu waone. Évariste alisimama nyuma ya kiti chake, michoro ikafunguka na kujifunga yenyewe kwenye skrini, akapiga makofi, akasema kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi:

"Mama Chloé, hii kitu iko moto! Minaiweka kwa kompyuta ya bote."

Victorine alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Wiki hiyo Évariste aliwaambia wenye kampuni kuhusu "programu yetu", na Victorine hata hilo la "yetu" akalimeza. Ila baada ya hapo, michoro ilianza kupungua mezani kwake. Alidhani kazi imekuwa chache.

Kazi haikuwa chache hata kidogo.

Mwezi wa nne zikaja habari kwamba fundi mmoja ameanguka kwenye ghala jipya, mita nne, kutoka kwenye jukwaa. Évariste alimwita.

"Ni Mtanzania," alisema. "Weye unasikilizana na bale batu. Uende Jumamosi, uwape pole ya kampuni. Nitakupa matunda ya kupeleka."

Kwa hiyo Jumamosi mchana Victorine alipanda ngazi za jengo la ghorofa Joubert Park, lifti ikiwa imekufa, na mfuko wa machungwa mkononi. Chumba kilikuwa nusu ya chumba. Pazia liliwatenga na familia nyingine. Fundi aliitwa Bakiri, mtu wa Tanga, amelala chali na mto chini ya goti. Mkewe, Zabibu, alimpa mgeni kiti, maana kilikuwa kimoja, yeye akabaki amesimama.

"Nimetoka kwenye kampuni iliyochora lile jukwaa," Victorine alisema. "Nimekuja kuwapa pole."

"Iliyochora," Zabibu alirudia. "Hewala. Nyinyi ndio niliokuwa nawasubiri."

Aliinama, akatoa chini ya godoro karatasi iliyokunjwa, ina madoa ya grisi na doa jingine ambalo halikuwa la grisi.

"Alikuwa nayo mfukoni. Dada, mume wangu Kiingereza hajui sana, lakini mchoro anausoma kuliko wewe unavyosoma gazeti. Mwambie, Bakiri."

"Nilifunga kama ilivyochorwa," Bakiri alisema, macho kwenye dari. "Bolti kwa bolti. Ule wavu wa kukanyagia niliuweka pale pale walipoandika. Nilipoukanyaga, ukateleza, nikashuka nao."

Victorine aliikunjua karatasi kwenye mapaja yake. Hakuhitaji hata dakika moja. Wavu wa chuma wa kukanyagia unatakiwa kukalia ukingo wa milimita thelathini kila upande. Huu ulichorwa ukikalia nane. Milimita nane, upana wa kidole kidogo cha mtoto. Penseli ya njano ingefika hapo ikasimama yenyewe. Akajiuliza ni mjinga gani amepitisha kitu hiki, na macho yake yakashuka kwenye kona.

V.M.

"Huyo hapo," Zabibu alisema, akiweka kidole juu ya herufi zile. "Nimeulizia, nikaambiwa huyo ndiye aliyekagua. Simtaki kwa ugomvi. Nataka nimwone uso tu, anitazame. Unamjua?"

Angeweza kusema hamjui. Mlango ulikuwa hatua tatu. Hata mimi ninayesimulia ningeutazama huo mlango.

"Ni mimi," Victorine alisema. "Naitwa Victorine Mujinga."

Nyuma ya pazia mtu alizima redio.

"Wewe ndiye uliyekagua?"

"Sikukagua. Huu mchoro sijapata kuuona mpaka leo."

"Lakini umeandika."

"Sikuandika kwa mkono, dada. Kompyuta inaandika yenyewe."

"Inaandika yenyewe," Zabibu alisema. Hakukasirika, na hilo ndilo lilikuwa baya. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua njia. "Na kompyuta iliambiwa na nani?"

Zabibu aliuchukua mfuko wa machungwa, akauweka juu ya mapaja ya mgeni, juu ya mchoro.

"Nenda nayo," alisema. "Sisi hatutayala."

Victorine aliomba kuupiga picha ule mchoro kwa simu, Zabibu akamruhusu, akapiga, akateremka. Kwenye robot ya kwanza, taa zikiwa nyekundu na magari yamesimama, alimwachia mfuko mwanamke aliyekuwa akiomba na mtoto mgongoni. Hasira ilimjia kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, na ile ya kujikasirikia mwenyewe ndiyo iliyokuwa kali zaidi.

Nyumbani, mtaa wa La Rochelle, kwenye chumba anachopanga na bintiye Chloé, aliitazama tena ile picha. Pembeni mwa mchoro programu ilikuwa imeandika siku na saa ya kuchapwa: tarehe kumi na nne Machi, saa nane na dakika tano mchana. Akatoa kibali chake cha ukaazi kwenye bahasha. Muhuri: tarehe kumi na nne Machi. Siku hiyo alikuwa Pretoria, amesimama kwenye foleni ya vibali tangu alfajiri mpaka saa kumi jioni, na ofisi nzima ilijua kwa sababu aliomba ruhusa kwa maandishi. Wakati yeye amesimama juani, jina lake lilikuwa Midrand linapitisha jukwaa.

Chloé alimuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama amekasirika.

"Sana," Victorine alijibu kwa Kiswahili. "Lakini haiko juu yako. Maliza chakula."

Jumatatu ndiyo hiyo ya penseli tatu. Alifungua kumbukumbu za kompyuta na kuhesabu michoro yote iliyotoka na V.M. tangu KAZI ilipogawiwa: mia mbili na kumi na miwili. Akafungua droo zake za karatasi zilizopakwa njano: sitini na moja. Alihesabu mara mbili, akiomba awe amekosea. Michoro mia moja na hamsini na mmoja ilikuwa imeondoka na jina lake bila jicho lake. Ngazi. Vishikio. Majukwaa. Watu walikuwa wakivipanda muda huo huo, wamebeba maboksi, wanapiga soga, na mguu wao unakanyaga mahali ambapo hakuna aliyepaangalia.

Alimfuata Évariste kwenye chumba chake cha kioo, akaufunga mlango.

"Papa Évariste, mchoro wa lile jukwaa nani alikagua?"

"Jina iko pale kwenye kona."

"Nilikuwa Pretoria."

Évariste alivua miwani, akaifuta kwa tai. Alikuwa mtu mpole wa sura. Ungempa mtoto wako akushikie.

"Mama Chloé, uelewe. Kazi ilikuwa mingi. Batu banataka michoro leo, banataka kesho. Tungengojea penseli yako, tungefunga kampuni. Na programu ilikuwa inaandika yenyewe, bon, tukaiacha iandike. Ni weye ulitengeneza."

"Nilitengeneza ya kuandika nikisha kukagua! Haiko ya kukagua!"

Kioo kilitikisika. Wachoraji wote waligeuza shingo. Hawakuwahi kuisikia sauti hiyo.

Évariste alinyoosha kiganja kama anayempapasa mbwa. "Shusha sauti. Mkaguzi wa serikali anakuja Alhamisi, saa nne. Minataka kukusaidia. Badilisha mstari moja tu. Pale kwa V.M. uweke H.K. Hénock Kasongo. Si alienda Canada? Hakuna mutu atamutafuta kule. Na tarehe turudishe nyuma, wakati Hénock alikuwa angali hapa. Miye mwenyewe nitachapa yote mupya Alhamisi asubuhi. Ni dakika sita. Weye ndiye ulisema, dakika sita."

Victorine alimtazama. Hénock aliondoka na mkewe na mabegi manne. Alikuwa mchoraji mzuri, mwoga wa makosa, aliyekuwa akimletea karanga. Sasa huyu mtu mwenye tai safi anataka kumtwika nyonga ya Bakiri kwa sababu yuko mbali na hasikii.

"Na kama sibadilishe?"

"Basi V.M. itabakia, utajieleza weye mwenyewe mbele ya serikali." Alivaa miwani. "Miye nilikutoa kwa kusuka nywele. Usisahau."

"Sisahau," Victorine alisema. "Mlango ulinifungulia. Jina nilikuja nalo."

Alirudi mezani, akafungua KAZI, akaenda mstari wa thelathini na tatu. Vidole vilikuwa vizito kwa hasira. Mara ya kwanza alisahau bano moja na programu yote ikagoma, ikabidi ahesabu mabano moja moja kwa ncha ya penseli, kama anayetoa mawe kwenye mchele. Aliifuta V.M. Hakuweka H.K. Mahali pake aliandika maagizo mapya: kwa kila mchoro, simama. Uliza. Subiri. Usichape mpaka mtu aandike herufi za jina lake kwa vidole vyake, na asipoandika, uliza tena. Kisha akaipeleka kwenye kompyuta zote, kwa njia ile ile Évariste aliyowahi kuitumia.

"Ule mstari nimebadilisha," alimwambia jioni.

"Sharp, vizuri," Évariste alisema, bila kuinua kichwa. "Minajua weye una akili."

Alhamisi mkaguzi wa serikali hakuja saa nne. Alikuja saa mbili kasoro, mama mfupi wa Kizulu mwenye daftari na viatu vya kazi, akasema foleni ya magari ilikuwa nyepesi. Évariste alikuwa hata hajavua koti, sembuse kuchapa upya. Lakini alikuwa mtu wa maonyesho. Mama yule alipouliza mchoro hutokaje hapa mpaka kiwandani, alijikalisha mbele ya kompyuta kwa madaha, akasema ana kitu cha kumwonyesha, kazi ya siku mbili kwa dakika sita. Akaandika KAZI, akabonyeza.

Mchoro wa kwanza ulifunguka. Vyuma vikapata namba. Orodha ikajipanga. Kisha kila kitu kikasimama, na chini ya skrini pakatokea maneno matatu na kimstari kinachowaka na kuzima.

Nani amekagua hii?

Évariste alibonyeza kitufe. Swali likarudi. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Likarudi.

"Inasema nini?" mkaguzi aliuliza kwa Kiingereza.

"Inauliza nani amekagua mchoro huu," Victorine alimtafsiria kutoka mezani kwake.

Wachoraji watano, na hakuna hata mmoja aliyetazama skrini ya mwenzake. Évariste aligeuza kiti nusu, akashusha sauti, na kwa Kiswahili cha nyumbani, kile cha kuombana chumvi, akasema:

"Mama Chloé, nakulomba. Nijazie hapa kitu. Kitu yoyote."

"Andika jina yako, papa," Victorine alisema.

Hakuliandika. Aliondoa mikono kwenye kibodi na kuiweka magotini. Mkaguzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akafungua daftari. "Na zamani, kabla ya hii kuuliza," alisema, "ilikuwa ikifanya nini?"

Victorine alisimama. Alibeba karatasi zake sitini na moja za njano, kibali chenye muhuri, na picha ya mchoro wenye madoa, akaviweka mbele ya yule mama. Alimweleza yote. Lile la kwanza lilikuwa gumu zaidi kutoka: kwamba mstari wa kuandika V.M. bila kuuliza aliuandika yeye, kwa mkono wake, na aliuandika kwa kujisifu.

Mchana huo huo michoro mia moja na hamsini na mmoja ilisimamishwa, na maghala tisa yalipigiwa simu wafunge ngazi. Évariste aliambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Victorine alipewa barua ya onyo, akaisoma, akaitia sahihi, maana ilisema kweli. Siku mbili alipaka njano bila kuinua kichwa. Kwenye michoro kumi na tano ya kwanza alikuta nyekundu mbili.

Jumamosi alipanda tena ngazi zile za Joubert Park, safari hii bila matunda. Alikuwa na nakala ya mchoro wa jukwaa, imepakwa njano mwanzo hadi mwisho, na mahali pamoja duara jekundu, milimita nane. Kwenye kona alikuwa ameipiga mstari ile V.M. ya mashine na kuandika chini yake kwa wino, Victorine Mujinga, na tarehe ya juzi. Mkaguzi wa serikali alikuwa amechukua nakala kama hiyo. Hii ilikuwa ya kwao, waitumie popote watakapodai haki.

Zabibu aliipokea mlangoni. Aliitazama muda mrefu, kidole kikifuata rangi mpaka kikafika kwenye duara. Ndani, Bakiri aliuliza ni nani.

"Sasa umekagua?" Zabibu aliuliza.

"Nimekagua."

Zabibu aliikunja karatasi mara mbili, akaishika kifuani.

"Umechelewa, dada," alisema.

Victorine alibaki amesimama pale mlangoni.